Basi linafika, hashuki mtu

Mtoto alikuwa na miaka 6, na kwa wiki 7 hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake. Nyumbani aliitikia kwa kichwa. Shuleni hata hicho kichwa hakukitikisa. Bibi yake alimleta amemshika kifundo cha mkono, si kiganja, kama mtu anayevuka barabara na mtoto mtundu, ingawa yule alikuwa anatembea taratibu kabisa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema: "Mwanangu, huyu tumemsomea, tumempeleka hospitali, masikio mazima, koo zima. Sasa nimeambiwa kwako kuna kuchezacheza. Haya."

Mimi ni mshauri wa watoto, nawasaidia kwa njia ya mchezo, na lile "haya" la mwisho nimelisikia kwa wengi. Ni la mtu aliyekwisha kugonga milango yote, na huu ni ule aliobakiza kwa kuwa hauamini. Baba mmoja aliwahi kuniambia waziwazi: "Nauli kila wiki, kwenda na kurudi, ili mtoto aje achezee mchanga? Mchanga hata uani kwangu upo." Nilimpa asome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pale inapotaja wajibu wa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humo humo nafasi ya mtoto kucheza na kupumzika. Akasoma, akanirudishia karatasi, akasema, "Sheria imeandikwa na watu wenye nafasi." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tangu siku ile simpi mzazi karatasi. Namwomba wiki 4, basi, halafu aniambie mwenyewe kama ameona kitu.

Bibi nilimwomba wiki 4. Akasema haya tena.

Chumba ninachofanyia kazi hapa Tanga kilikuwa stoo. Kina dirisha moja, mkeka wa ukili, rafu mbili za mbao, na katikati kuna beseni kubwa la plastiki la buluu, lile la kufulia nguo, lenye mchanga wa Raskazone hadi nusu. Kwenye rafu wamekaa watu wa vitambaa alionishonea fundi cherehani kwa mabaki ya vitenge: bibi, babu, baba, mama, watoto wa kila umri, na kichanga. Kuna vyungu vidogo na majiko ya udongo, ng'ombe na simba wa plastiki, simu mbovu, bandeji, kitambaa cheusi na cheupe, gololi, mawe ya mdako, na bastola ya kuchezea. Wazazi huniuliza kuhusu hiyo bastola. Mtoto aliyeona bastola anahitaji mahali pa kuiweka, na ni heri aiweke mbele ya mtu mzima aliyetulia. Magari mengi ni ya maboksi yenye magurudumu ya visoda, kama yale wanayotengeneza wenyewe mtaani. Mwanzoni nilikuwa na midoli ya kununua, yenye nywele za dhahabu. Watoto waliichezea kwa adabu, kama wageni sebuleni. Nikaiondoa.

Habari ya beseni sikuibuni mimi. Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto, alifungua kliniki London mwaka 1928. Alikuwa na sanduku la vitu vidogo vidogo na sinia la mchanga, na watoto wenyewe ndio waliotoa vitu sandukuni wakavipanga mchangani, wakapaita mahali hapo dunia. Wanaofanya kazi hii hupaka chini ya sinia rangi ya buluu, ili mtoto akifukua aone maji, mto au bahari. Mimi sikuhitaji rangi, beseni la sokoni limekuja na buluu yake.

Kwa kila mtoto mpya maneno yangu ni yale yale. "Hapa unaweza kucheza karibu chochote unachotaka. Hatujiumizi, hatuumizani, hatuvunji vitu makusudi. Tuna dakika 45, na zikibaki 5 nitakuambia." Halafu namwambia kuhusu siri: mchezo wake sitautangaza, ila nikijua kuna mtu anamuumiza sitanyamaza, nitatafuta wa kutusaidia. Hata mtoto asiyesema namwambia hayo yote.

Yule mtoto alisikiliza akiangalia dirisha. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, akachukua basi la boksi, akachuchumaa kwenye beseni. Kwa kiganja akasawazisha barabara kuzunguka ukingo wote. Akatafuta jiwe la mdako, akaliweka upande wa karibu na yeye. Basi likaanza safari kutoka upande wa mbali, polepole, likazunguka, likafika kwenye jiwe, likasimama. Akafungua kimlango kilichokatwa ubavuni kwa wembe. Akainama mpaka shavu likagusa mchanga, akachungulia ndani. Akafunga mlango. Basi likarudi lilikotoka, likaanza upya.

Mara 11, dakika 45. Nilihesabu.

Wiki ya pili vile vile. Wiki ya tatu aliongeza kitu kimoja, mtoto wa kitambaa, mdogo kuliko wote, akamsimamisha kando ya jiwe akimwegemeza ili asianguke. Basi lilipofika, yule mtoto wa kitambaa naye alisogezwa mlangoni akachungulia.

Kazi yangu katika muda wote huo ilikuwa kukaa chini karibu naye na kusema ninachokiona, hakuna zaidi. "Basi linakuja. Limefika. Unachungulia. Hashuki mtu." Virginia Axline, Mmarekani aliyeandika kanuni 8 za kazi hii mwaka 1947, alisisitiza kwamba mtoto ndiye anayeongoza na mtu mzima anafuata. Ni rahisi kulisoma. Kulifanya ni mateso, hasa kwa mtu aliyelelewa, kama mimi, katika nyumba ambayo mkubwa akiingia chumbani watoto hunyamaza wamsikilize yeye.

Wiki ya nne basi lilifika, mlango ukafunguliwa, nikasema kama kawaida, "Limefika. Hashuki mtu."

Mtoto, bila kuniangalia, akasema: "Bado."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu. Nikarudia neno lake tu, "Bado," na basi likaondoka tena.

Ningekuwa nimefika pale miaka 10 nyuma, ningeliharibu lile neno. Ningemwambia "Umesema! Hebu sema tena!" Ningemwita bibi mlangoni aje asikie. Ningeuliza bado nini, bado nani. Najua kwa sababu niliwahi kuharibu, na waliolipa gharama hawakuwa mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpokea mvulana wa miaka 7 aliyekuwa akisinzia darasani. Kila alipokuja aliwachukua watu wote wa vitambaa, 9 kwa idadi, akawabana upande mmoja wa beseni, mmoja juu ya mwingine, na beseni lote lililobaki likawa tupu. Nikaandika kwenye faili: hofu, hatari nyumbani, uwezekano wa ukatili. Nikamwita mama yake. Nikaanza kumuuliza nani anakunywa pombe nyumbani, nani anapiga, nani analala wapi, kwa sauti ile ya upole tunayofundishwa, ambayo kwa mtu anayeulizwa haina upole wowote. Alijibu yote. Mwisho akanitazama akasema: "Mwalimu, hii ni masika. Bati letu limetoboka. Mvua ikinyesha usiku tunahamia wote upande wa mlangoni, tunasimama mpaka ikatike."

Nilikuwa nimemhoji mama wa watu kama mtuhumiwa kwa sababu ya bati. Mtoto hakuwa ameficha kitu, alikuwa ameonyesha nyumba yao ilivyo, ni mimi niliyetaka iwe fumbo. Siku hizi, kabla ya kuandika maana ya mchezo wowote, naenda kwanza nyumbani. Nakaa pale nitakapowekwa, nakunywa chai nitakayopewa, na naangalia.

Kosa la pili ni zito zaidi, na bado linaniuma.

Binti wa miaka 8 alikuwa akichukua mdoli wa kitambaa, anauketisha kwenye kigoda, anauwekea chungu kitupu, kisha anauinamia na kuufokea: unakula tu, hujui hata kuosha sufuria, ungekuwa hukuzaliwa ningekuwa wapi leo. Maneno yalitoka na sauti nyingine kabisa, ya mtu mzima, mpaka na pumzi za mtu mzima. Halafu anaupiga. Halafu anaubeba mgongoni kwa kanga na kuubembeleza.

Mama yake alipokuja kumchukua akaniuliza, kama wazazi wote, "Leo kafanya nini?" Nikamweleza. Neno kwa neno. Niliona namsaidia ajisikie, ajirekebishe. Alinishukuru, akaondoka kimya.

Wiki iliyofuata binti alikaa kwenye mkeka dakika 45 mikono mapajani. Hakugusa kitu. Alipoinuka nikaona alama za mwiko nyuma ya miguu. Mama alikuwa amempiga akimwambia, "Umeenda kunitangaza."

Chumba kile nilimwambia ni salama, kisha mimi mwenyewe nikatoa nje kilichokuwa ndani. Siku hiyo hiyo nilimweleza mwenzangu wa ustawi wa jamii, ambaye yuko kwenye kazi hii tangu nikiwa shule, tukaenda nyumbani pamoja jioni. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mwanamke katili. Nilikuta mwanamke anayeamka saa 9 usiku kukanda unga na kuchoma vitumbua, anayeuza mpaka saa 4 asubuhi, kisha anafua nguo za watu, na anayelala ameketi. Mwenzangu hakumgombeza wala hakuyafunika yale mapigo. Alimwambia kwamba alama zile zimeonekana, kwamba zikionekana tena suala litakwenda mbali zaidi, na kwamba tumekuja kusaidia lisifike huko. Kisha akamuuliza kitu ambacho mimi nisingekifikiria: "Wewe ulipokuwa wa umri wake, mama, nani alikuwa anakuambia maneno gani?"

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema maneno yale yale. Unakula tu. Ungekuwa hukuzaliwa.

Kwa hiyo ile sauti ya mtu mzima niliyoisikia chumbani haikuwa hata ya mama yake binti. Ilikuwa ya bibi aliyekwisha kufa, imepita kwa mama, imefika kwa mtoto, na mtoto alikuwa anaipitisha kwa mdoli wa kitenge.

Niligundua pale kwamba nilikuwa nakosea tangu mwanzo kwa kumchukua mtoto peke yake, kumfanyia kazi saa moja, kisha kumrudisha kwenye maji yale yale. Miaka ya 1960 huko Marekani, Bernard na Louise Guerney walianza kuwafundisha wazazi wenyewe kucheza na watoto wao kwa namna ya mshauri: nusu saa kwa wiki, mtoto aongoze, mzazi afuate, asikosoe, asifundishe. Nilikuwa nimesoma habari hiyo na kuiweka kando nikidhani ni ya watu wenye sebule na wikendi. Nilimwomba yule mama dakika 20 tu, Jumapili mchana, asipouza.

Akasema hajui kucheza. Alisema kwa aibu, kama mtu anayekiri hajui kusoma.

Tulianza chumbani kwangu. Mara ya kwanza alikaa akimrekebisha mtoto: si hivyo, shika vizuri, usimwage. Nilimgusa bega. Mara ya pili binti alichukua mawe ya mdako, akarusha moja, akakosa. Mama akaangalia yale mawe. Akanyoosha mkono, akarusha jiwe juu bila hata kulitazama, akachota mengine manne chini, akalidaka lile la kwanza kwa mgongo wa kiganja. Binti akafungua mdomo. "Mama! Fanya tena!" Akafanya tena, na tena, haraka zaidi, kanga ikamteleza kichwani asiijali. Alikuwa bingwa wa mdako mtaani kwao miaka hiyo na hakuna mtu katika nyumba yake aliyekuwa anajua.

Hawakuwa malaika baada ya hapo. Mama aliendelea kuchoka, na uchovu ndio uliokuwa unampandisha hasira, wala mdako haukumwongezea usingizi. Kilichobadilika ni kwamba binti alikuwa na dakika 20 za uhakika, na mama alikuwa amejua namna ya kujitoa uani anapohisi maneno yale yanapanda kooni. Kuna wiki aliniambia yamemtoka. Alimfuata mtoto akamwomba radhi. "Nilidhani nitajivunjia heshima," akasema. "Akaniletea maji."

Wazazi wakiniuliza siku hizi "Kafanya nini leo?" nawajibu kwa habari ya hali ya mtoto, sitaji mchezo. Nasema, naona ana huzuni ambayo hajapata pa kuiweka. Nasema, naona anahitaji kuhakikishiwa. Na mtoto namwambia mapema nitakachomwambia mzazi wake, namuuliza kama nimesema sawa. Wengine hunisahihisha.

Narudi kwa mtoto wa basi.

Baada ya lile "bado" nilimwomba bibi abaki, mtoto akachezee gololi nje na mlinzi. Sikumwambia habari ya basi. Nilimuuliza tu, katika familia yenu kuna mtu anayesubiriwa?

Akashika ncha ya kanga. Mtoto wake wa kwanza, yaani baba wa huyu, aliugua, akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam kutibiwa. Siku ya safari mtoto alimsindikiza mpaka stendi ya Kange, akamwona akipanda basi, akapungiwa mkono dirishani. Baba akamwambia, nitarudi na basi hili hili. Wiki ya tatu akafariki. Maiti ililetwa usiku, ikazikwa kesho yake, na mtoto alikuwa amepelekwa Muheza kwa shangazi ili asione. Aliporudi viti vya msiba vilikwisha kurudishwa. Alipouliza, akaambiwa baba bado yuko safarini.

"Na mama yake?"

"Yuko eda."

"Mtoto anajua maana ya eda?"

"Tumemwambia mama anaumwa."

Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa na baba aliyeumwa akapanda basi asirudi, na sasa mama, aliyejifungia ndani, naye anaambiwa anaumwa. Nani angekuwa na hamu ya kusema? Mimi nadhani, na hii ni dhana yangu tu, alikuwa amenyamaza ili asije akakosea neno likamfanya na mama apande basi.

Nilimweleza bibi ninachoamini baada ya miaka yote hii: mtoto wa umri huo bado anafikiri kifo ni kitu cha muda, mtu huenda na hurudi, na tunapomwambia "amesafiri" tunalithibitisha hilo. "Amelala" ni baya vile vile. Nimeshaona mtoto aliyegoma kulala miezi miwili baada ya kuambiwa babu amelala. Neno linalofaa ni lile tunaloliogopa: amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi tena. Na si wewe uliyesababisha. Baada ya hapo familia itaongeza la dini yake, na ni vizuri liongezwe, lakini lisitangulie kuficha.

"Mtoto mdogo ataelewa nini kifo?" bibi akauliza.

Nikasema, "Anasubiri, bibi. Anayesubiri anaelewa kitu."

Akaondoka bila kusema haya.

Wiki mbili hakuleta jibu, ingawa mtoto alimleta. Basi likaendelea kufika tupu, na mimi nikaanza kushawishika kumwambia mtoto mwenyewe. Nilimwambia mwenzangu. Akanikatalia katakata. "Habari ya msiba inapelekwa na mwenye msiba. Ukiipeleka wewe, huyo mtoto atajua kwamba nyumbani kwao hawaaminiki, na wewe utaondoka saa 10 jioni, utamwacha na hilo." Badala yake nilikwenda kumwona mama yake ndani, Ngamiani, nikakaa naye kwenye kitanda. Yeye alikuwa anataka mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza. Wazee ndio walioamua, naye hakuwa na nguvu ya kubishana. Alilia, akasema, "Ananiwekea mkono puani usiku. Anapima kama napumua."

Nilimwomba aongee na mama mkwe wake kuhusu huo mkono tu, asiongeze lingine.

Siku ya Alhamisi bibi aliingia chumbani pamoja na mtoto. Alikataa kiti. Akashuka kwenye mkeka kwa shida, akashikilia rafu, akakunja miguu. Mtoto alikuwa tayari kwenye beseni. Bibi akamwita kwa jina lake, akasema: "Baba yako alikufa. Hakukuacha. Alikufa Dar, tukamleta usiku, tukamzika hapa. Nilikudanganya kwa kuwa ulimi wangu ulikuwa hauwezi kulisema."

Mtoto hakulia. Alikuwa ameshika basi kwa mikono miwili. Baada ya muda akauliza:

"Alikuja na basi?"

"Alikuja na gari, usiku. Wewe ulikuwa Muheza."

Akaliweka basi barabarani, akaliendesha mpaka upande wa mbali. Likarudi polepole, likafika kwenye jiwe. Akafungua mlango, akaenda rafuni, akachukua baba wa kitambaa, akampitisha mlangoni kwa kumlaza, kichwa kwanza. Mdoli ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Akausukuma mpaka boksi likachanika. Akautoa upande wa pili, akaulaza mchangani. Ndipo alipolia, kilio cha mtoto mdogo kabisa, na bibi akamvuta mapajani, na wote wawili wakalia, na mimi sikusema lolote kuhusu dakika.

Isidhaniwe kwamba aliamka kesho yake akiwa mzima. Alikojoa kitandani mwezi mzima. Shuleni alimng'ata mwenzake. Wiki moja alichota mchanga akamrushia bibi usoni, na ilibidi nimwambie, "Umekasirika, naona. Bibi si wa kurushiwa mchanga. Ukuta ule unaweza kuurushia." Akaurushia ukuta mpaka beseni likapungua, kisha tukafagia pamoja. Alikuwa na haki ya hasira ile: walimzika baba yake yeye akiwa anacheza Muheza. Bibi alifuta macho akasema, "Mwache, nastahili," nikamwambia hapana, bibi, hastahili mtu kurushiwa mchanga, lakini anaweza kusikia kwamba mtoto amekasirika. Walimpeleka kaburini. Aliuliza kichwa kiko upande gani, akaonyeshwa, akakaa upande huo. Mama alipomaliza eda alimpeleka shule mwenyewe kwa mkono, na mwalimu akaniambia siku hiyo ndiyo aliyoitikia jina lake wakati wa kuita majina.

Kuna wazazi watakaosoma haya wakiwa na mtoto aliyebadilika ghafla, aliyenyamaza, au aliyeanza kupiga wenzake au kukojoa tena baada ya kuacha. Kama mnahisi kuna mtu anamuumiza, msisubiri kumtafuta mtu kama mimi. Nchini Tanzania namba 116 ni ya simu kwa mtoto na haitozwi, na maofisa ustawi wa jamii wapo kwenye halmashauri. Kama ni msiba, au talaka, au kuhama, anzeni na swali nililomuuliza bibi, mjiulize nyinyi kabla ya kumuuliza mtoto. Ni nini hapa nyumbani tumekubaliana kisisemwe?

Bibi alirudi kama miezi 6 baadaye, peke yake, bila miadi, na vitumbua kwenye kibakuli kilichofunikwa. Tukasalimiana. Akaniambia mtoto anasema mpaka usiku, hana breki. Mkwe amepata kibanda cha kuuza mbogamboga. Nikashukuru. Akawa hainuki.

"Lile basi lipo?"

Lilikuwepo, nimeliziba kwa gundi pale lilipochanika, gurudumu moja halipo. Nikamletea. Akashuka kwenye mkeka, safari hii akanishika mimi badala ya rafu, akaliweka basi kwenye ukingo wa beseni lakini hakuliendesha.

"Watu wananiuliza habari ya mtoto," akasema. "Wananiuliza habari ya mkwe. Nami nilikuwepo Kange siku ile. Nilimbebea begi."

Nje daladala zilikuwa zinapiga honi. Nikafunga mlango, nikakaa chini.

"Tuna dakika 45, bibi," nikamwambia.

Akatia kidole mchangani, akaanza kufukua taratibu, mpaka buluu ikaonekana.